Kompyuta ya Mwalimu: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Kuchagua Programu ya Ulinzi Nyumbani

Mwezi Novemba 2025 niliitwa nyumbani kwa mwalimu mmoja wa sekondari hapa Morogoro, mama ninayemheshimu tangu aliponifundisha hisabati, ambaye alikuwa na swali moja tu: kati ya programu za kuzuia virusi zinazouzwa madukani, anunue ipi? Alikwisha kutenga shilingi 120,000 kwa kazi hiyo. Nakiandika kisa chake kwa kirefu, kwa ruhusa yake na bila kumtaja jina, kwa kuwa swali hilo naulizwa karibu kila juma, na kwa kuwa jibu lake halikupatikana mpaka tulipoliweka kando na kuichunguza kwanza kompyuta yenyewe.

Ni kompyuta mpakato ya mtumba, yenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 6 na RAM ya GB 8, iliyonunuliwa Kariakoo ikiwa na Windows 10 Pro. Watu watatu wanaitumia. Mwalimu anatungia mitihani na kujazia alama za wanafunzi. Mumewe, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, anawekea hesabu za bidhaa na kushughulikia ritani za kodi. Kijana wao wa kidato cha tatu anacheza michezo na kutazama filamu. Wote watatu walikuwa wakiingia kwa akaunti moja, ya msimamizi, isiyo na nywila.

Kilichomfanya mwalimu anipigie simu kilitokea Jumapili moja asubuhi, ndugu zake walipoanza kumpigia kumuuliza kama ni mzima. Akaunti yake ya Facebook ilikuwa imewaandikia jamaa wengi kwa wakati mmoja: "Nimekwama hospitali, naomba uniazime laki na nusu, itume kwenye namba hii, jioni narudisha." Mdogo wake aliyeko Dodoma hakuuliza mara mbili, alituma. Mwalimu alibadilisha nywila ya Facebook mara moja, akitumia kompyuta ileile, na kabla ya adhuhuri wezi walikuwa wamekwisha kuingia tena, kwa sababu barua pepe yake, ambako Facebook hupeleka namba za kurejesha akaunti, nayo ilikuwa mikononi mwao. Kilichomchanganya zaidi ni kwamba barua pepe hiyo alikuwa ameiwekea uthibitisho wa hatua mbili, na simu yake haikupokea namba yoyote.

Baada ya shikamoo na chai aliiwasha kompyuta mbele yangu, na kabla hajagusa kitu, kona ya chini kulia ya skrini ikajaa tahadhari tatu zilizopandana. Ya kwanza ilidai kwamba kompyuta ina virusi 5 na kwamba asipobofya upesi mafaili yake yatafutika. Ya pili ilitoka kwenye programu ya kusafisha kompyuta, iliyodai kukuta makosa 1,284. Ya tatu ilitoka kwenye kizuia virusi cha majaribio ambacho muda wake ulikwisha tangu Mei, nacho kilikuwa kikidai kulipiwa.

Ile ya kwanza ndiyo iliyokuwa ikimnyima usingizi, nayo ilikuwa uongo mtupu. Nilimwomba aisogelee skrini na kusoma chini ya maandishi mekundu. Pale, kwa herufi ndogo za kijivu, palikuwa na alama ya kivinjari na anwani ya tovuti ya filamu za bure. Hiyo ilikuwa arifa ya tovuti tu, iliyopata ruhusa siku kijana alipobofya "Ruhusu" ili filamu ianze. Tulifungua mipangilio ya kivinjari, tukaifuta ruhusa hiyo, na tahadhari ikakoma hapo hapo. Watu wangapi wamekwisha kununua programu za ulinzi kwa kuogopa arifa ya namna hiyo, sitaki hata kufikiria.

Kuhusu makosa 1,284, nilimsimulia mwalimu jambo lililotokea Marekani. Mwaka 2019 kampuni za Office Depot na Support.com zilikubali kulipa jumla ya dola milioni 35 kumaliza madai ya Tume ya Biashara ya nchi hiyo, FTC, kuhusu programu yao ya kupima afya ya kompyuta. Kabla ya kipimo kuanza, mteja aliulizwa kama kompyuta yake inakwenda polepole, kama inamletea tahadhari za virusi, kama inazimika ovyo, au kama inafungua matangazo yenyewe. Akikubali hata moja, programu ilitangaza kwamba imeona dalili za maambukizi, hata kama ukaguzi wenyewe haukuwa umekuta kitu, kisha akauziwa huduma ya matengenezo. Tangu hapo programu yoyote inayohesabu makosa kwa maelfu na kuomba fedha ili iyaondoe naiondoa yenyewe kwanza.

Palikuwa pia na programu ya tatu, iliyokaa kimya, maalumu kwa kuzuia programu za kijasusi, ambayo mume wa mwalimu aliwekewa kwa flashi na rafiki. "Wataalamu walituambia ni lazima uwe nazo mbili," alisema, "ya virusi na ya ujasusi." Nilimwambia kwamba wataalamu hao hawakudanganya, ushauri wao ulikuwa wa wakati wake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni nyingi za kuzuia virusi zilisita kuzigusa programu za matangazo na za upelelezi, kwa hoja kwamba mtumiaji alikuwa amezikubali mwenyewe wakati wa kusakinisha kitu kingine. Ndipo zikaja Ad-Aware na Spybot kuziba pengo hilo. Defender yenyewe, kizuia virusi kinachokuja ndani ya Windows, ilizaliwa humo: Microsoft iliinunua kampuni ya GIANT mwezi Desemba 2004, na kwa miaka kadhaa programu hiyo ilishughulika na ujasusi peke yake, mpaka Windows 8 ilipotoka mwaka 2012 nayo ikawa kizuia virusi kamili. Leo mgawanyo huo umekufa. Programu moja nzuri hutazama yote, na mbili zinazolinda muda wote hugombania kila faili linalofunguliwa, hivyo kompyuta huanza kujikokota.

Lakini madhara makubwa zaidi hayakuwa ya mwendo. Windows ikiona kizuia virusi cha kampuni nyingine kimejiandikisha, huiweka Defender pembeni ili mlinzi awe mmoja. Katika kompyuta ya mwalimu aliyeandikishwa alikuwa yule wa majaribio, ambaye hakuwa amepokea masasisho tangu Mei. Kwa miezi sita kiti cha mlinzi kilikuwa na mtu, na mtu huyo amelala.

Tuliikata intaneti kwanza. Kisha tukaziondoa zote tatu, moja baada ya nyingine, na kuiwasha upya kompyuta. Defender ikaamka. Niliiagiza ikague diski nzima, kazi ambayo kwa kompyuta ya namna ile na mafaili yake ingechukua saa moja au zaidi. Ikamaliza haraka mno, chai ikiwa bado ya moto, na kutangaza kwamba haikuona tatizo lolote. Mume wa mwalimu alifurahi. Mimi nilifungua ukurasa unaoonyesha vitu ambavyo Defender imekatazwa kuvikagua. Orodha ilikuwa na mstari mmoja tu, wenye herufi mbili za alama na herufi moja ya alfabeti: C:\. Diski nzima ilikuwa imeondolewa kwenye ukaguzi.

Aliyefanya hivyo, kwa kadiri ya tarehe za mafaili, ni fundi aliyeiandaa kompyuta kabla haijauzwa. Alitumia programu ya kuamshia Windows bila leseni, na kwa kuwa Defender huitambua programu ya aina hiyo na kuifuta, aliiamuru isitazame popote. Sidhani alikusudia mabaya; ndivyo kazi inavyofanyika kwenye meza nyingi. Lakini mwalimu aliuziwa nyumba ambayo mlinzi wake ameagizwa asifungue macho, na laiti angenunua programu ya shilingi 120,000 bila mtu kuuona mstari ule, siku angeiondoa na Defender kurudi kazini, angerudi palepale.

Tuliufuta mstari huo na kurudia ukaguzi. Safari hii ulikwenda hadi saa ya adhuhuri, na ulikuta mambo mawili. La kwanza ni ile programu ya kuamshia Windows, ambayo Defender huiita AutoKMS. La pili lilikuwa ndani ya folda ya vitu vilivyopakuliwa, katika faili ambalo kijana alilipata mtandaoni kwa ahadi kwamba litampa silaha zote za mchezo wake bure. Faili hilo lilikuja limefungwa kwa nywila 1234, iliyoandikwa waziwazi kwenye ukurasa wa kupakulia. Kufungwa huko hakukuwa usalama. Kulikuwa na shabaha ya kumzuia mlinzi yeyote asione kilichomo mpaka mtumiaji alifungue mwenyewe. Tarehe yake ilikuwa Jumamosi saa mbili usiku, saa chache kabla ya simu za ndugu kuanza.

Kilichokuwemo ni programu ya kuiba taarifa. Jamii hii ya programu ndiyo sura ya leo ya kile tulichozoea kukiita ujasusi, nayo imeenea sana: mwezi Mei 2025 Microsoft, ikishirikiana na vyombo vya dola vya nchi kadhaa, ilivuruga mtandao wa mojawapo iitwayo Lumma, baada ya kukuta kompyuta zaidi ya 394,000 zimeambukizwa katika miezi miwili tu. Programu ya namna hiyo haina haja ya kukaa miezi ikichungulia. Inaweza kumaliza kazi kwa dakika chache: inabeba nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, na inabeba kuki, yaani alama ambazo tovuti huiachia kompyuta baada ya kuhakikisha kwamba ni wewe. Nilimweleza mwalimu kwa mfano wa kadi ya harusi. Ukishakaguliwa mlangoni na kadi yako kugongwa mhuri, ukitoka nje kidogo na kurudi huulizwi tena. Anayeishika kadi yenye mhuri anaingia, awe wewe au aliyekuibia. Ndiyo maana simu yake haikupokea namba yoyote. Wezi hawakupita mlangoni kama wageni. Waliingia na kadi yake.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haikuwa kusakinisha chochote. Kwa kutumia simu yake, ambayo haikuwa na dosari, mwalimu aliiokoa barua pepe kwanza, akachagua kuziondoa kompyuta na simu zote nyingine zilizokuwa zimeingia, akabadilisha nywila, kisha akafanya vivyo hivyo kwa Facebook, na mumewe kwa akaunti zake za kodi na benki. Mpangilio huo una maana: anayebadilisha nywila bila kuwatoa walioingia huenda amebadilisha kufuli huku mwizi amekaa sebuleni, na anayebadilishia kwenye kompyuta chafu anaweza kuwa anamsomea mwizi nywila mpya.

Baada ya hapo nilipendekeza kufuta diski yote na kusakinisha Windows upya. Kuna wanaoridhika ukaguzi unapotoa taarifa safi. Kwa kompyuta iliyokaa miezi sita bila mlinzi, mimi siridhiki. Tulinakili nyaraka za mitihani, hesabu za duka na picha, tukaacha kila kitu kinachojiendesha chenyewe. Mume wa mwalimu aliuliza leseni itatoka wapi, nami nilikuwa nimejiandaa kuwaambia wajipange kununua. Tulipomaliza kusakinisha na kuunganisha intaneti, Windows ilijiamsha yenyewe. Kompyuta nyingi za maofisini zilizotengenezwa tangu enzi za Windows 8 zina ufunguo wa leseni uliochomwa ndani ya bodi na kiwanda, na hii ilikuwa mojawapo. Programu ile ya wizi wa leseni, iliyohitaji diski nzima isikaguliwe, haikuwa na kazi yoyote. Mwalimu alikaa kimya kwa muda mrefu akiutazama ukurasa uliosema leseni ni halali.

Sasa swali lake lilikuwa na mahali pa kusimama: anunue ipi? Nilimwonyesha matokeo ya maabara mbili ninazoziamini, AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, na AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria, ambazo huzipima programu hizi mara kwa mara kwa sampuli halisi. AV-TEST hutoa alama 6 kwa ulinzi, 6 kwa wepesi na 6 kwa kutomsumbua mtumiaji, na Defender imepata mara nyingi alama za juu kabisa au zilizo karibu nazo. Programu za kulipia kama Bitdefender ya Romania na ESET ya Slovakia ni nzuri, na sina neno baya juu yake. Tofauti iliyopo kati yao na Defender ni ndogo, na haikuwa ndiyo iliyomponza mwalimu. Maabara huzipima programu zikiwa zimewashwa, zimesasishwa na zimeachwa zifanye kazi, hali ambayo kompyuta yake haikuwahi kuijua.

Zile za bure za kampuni nyingine zilihitaji tafakuri ya pekee, kwa sababu kijana alikuwa anazipendelea. Kizuia virusi huona kila faili na kila tovuti unayoifungua. Hakuna programu nyingine nyumbani unayoipa ruhusa pana kiasi hicho. Avast, iliyokuwa na watumiaji wengi sana wa bure, ilikusanya historia ya tovuti walizotembelea na kuiuza kupitia kampuni yake tanzu ya Jumpshot. Jumpshot ilifungwa mwezi Januari 2020, na mwezi Februari 2024 FTC ilitangaza malipo ya dola milioni 16.5 pamoja na katazo la kuuza taarifa hizo kwa ajili ya matangazo. Mtu aliyeiweka programu ile alikuwa anakimbia wapelelezi. Kwa hiyo kigezo changu cha kwanza katika kuchagua, kabla ya bei na hata kabla ya alama za maabara, ni kujua kampuni inakula wapi. Ikiwa siuziwi kitu, nataka kujua nani anauziwa, na anauziwa nini.

Kigezo cha pili ni kama programu itaendelea kupata masasisho katika nyumba hii, kwa bando hili. Familia ya mwalimu hutumia intaneti ya simu, na kwa kubana matumizi walikuwa wameuwekea muunganisho alama ya kwamba unalipiwa kwa kipimo, jambo linaloweza kuifanya Windows iahirishe kupakua masasisho. Programu yoyote ingekufa njaa hapo. Tulikubaliana kwamba alama hiyo iondolewe kila Jumamosi jioni, bando la wiki likiwa bado na uzito, na masasisho yaachwe yamalizike. Kigezo cha tatu ni gharama ya mwaka wa pili, kwani bei iliyoandikwa kwenye boksi kwa kawaida ni ya mwaka wa kwanza, na leseni ikiisha bila kulipiwa tunarudi kwenye hadithi ya mlinzi aliyelala.

Uamuzi wetu ulikuwa kuiacha Defender peke yake kama mlinzi wa muda wote, na kuongeza Malwarebytes ya bure kama mkaguzi wa kuitwa mara moja kwa mwezi. Tuliyazima majaribio yake ya siku 14 ili isijiandikishe kama mlinzi wa pili. Tuliwasha kinga inayozuia programu nyingine kubadili mipangilio ya Defender, ukaguzi unaotumia seva za Microsoft, na uzuiaji wa programu zisizotakiwa, ambao ndio unaoshughulika na zile za matangazo zinazopenda kupandia mgongoni mwa nyingine. Tuliwasha pia ulinzi wa folda dhidi ya programu za kuteka nyaraka, yaani zinazofunga mafaili yako na kudai fidia, nao ukatuletea usumbufu: programu ya hesabu za duka ilishindwa kuhifadhi chochote mpaka tulipoiorodhesha kama inayoruhusiwa, na mume wa mwalimu nusura atuombe tuuzime. Nilimsihi avumilie wiki moja. Alivumilia.

Ningemshauri mwingine anunue? Ndiyo, katika nyumba yenye simu na kompyuta nyingi ambazo mtu mmoja anataka kuzisimamia pamoja, au kwa anayeshika taarifa za wateja na kuhitaji mtu wa kumpigia mambo yanapoharibika. Kwa mwalimu, fedha ile ilikuwa na kazi bora zaidi. Ilinunua diski ya nje ambayo huunganishwa Ijumaa, hupokea nakala ya nyaraka, kisha huchomolewa na kurudi kabatini. Nywila zimehamia kwenye daftari lililo kabati hilohilo. Kijana amepewa akaunti ya kawaida, na kila anapotaka kusakinisha kitu skrini humwomba nywila ya mama yake. Ikiwa ningeruhusiwa kufanya badiliko moja tu katika nyumba hii, lingekuwa hilo la akaunti.

Lilibaki suala la Windows 10 yenyewe, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, wakati prosesa hii ya kizazi cha 6 haikubaliki kwa Windows 11. Microsoft imeahidi kuendelea kuipa Defender taarifa za virusi vipya kwenye Windows 10 hadi Oktoba 2028, na nimewasikia watu wakiitumia ahadi hiyo kujituliza. Hayo ni mambo mawili tofauti: mlinzi ataendelea kupewa picha za wezi wapya, lakini nyufa za ukuta hazitazibwa. Kwa kuwa sasa leseni ilikuwa halali, tuliweza kuiandikisha kompyuta katika mpango wa nyongeza ya masasisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026, bila malipo, kwa kukubali mipangilio yake ihifadhiwe kwenye akaunti ya Microsoft. Wasiotaka kufanya hivyo hulipa dola 30. Baada ya tarehe hiyo mwalimu atahitaji mashine nyingine, au tuhamie Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta usio wa Microsoft, jambo ambalo mumewe hajalikubali kwa sababu ya programu yake ya hesabu.

Nilirudi mwishoni mwa Januari. Palikuwa na matukio mawili. La kwanza ni flashi iliyokwenda stationery na mtihani wa kuchapishwa, ikarudi na faili la njia ya mkato lenye virusi, ambalo Defender ililizuia lilipoguswa. La pili ni jaribio jingine la kijana la kutafuta silaha za bure, lililokwama kwenye nywila ya mama, na ambalo nyumba nzima ilikwisha kulizungumza kabla sijafika. Ujumbe wa utapeli na namba iliyopokea fedha vilitumwa kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, na taarifa ilipelekwa polisi. Ile laki na nusu ya mdogo wake bado haijarudi. Mwalimu anamlipa kidogo kidogo kutoka mfukoni mwake, ingawa mdogo mtu amekataa mara mbili kuipokea. Kwenye kalenda ya ukutani, juu ya meza ya kompyuta, tarehe 13 Oktoba imezungushiwa duara kwa kalamu nyekundu ya kusahihishia.